Vikapu Viwili vya Bibi Glismod

Gepa hakujua kusoma hata herufi moja, lakini mabwana wa nusu ya nchi walikaa mwilini mwake. Kichwani walikaa mume na mke walioanzisha ukoo. Shingoni watoto wao, begani wajukuu, kiwikoni vitukuu, na kwenye kifundo cha mkono vilembwe. Baada ya hapo zilibaki pingili tatu za kidole cha kati, kila pingili uzao mmoja. Mkono wa kulia ulibeba ukoo mmoja na wa kushoto ukoo mwingine. Ikifika ukucha, basi. Ukucha hauna kiungo, na pasipo kiungo undugu umekwisha. Walioangukia ukuchani waliweza kuoana bila dhambi. Walioangukia kabla ya hapo, hata kwa pingili moja, walikuwa ndugu mbele ya Mungu na mbele ya askofu.

Hivyo ndivyo watu wa Saksonia walivyohesabu tangu zamani, na wengi walihesabu pakiwa na harusi au urithi tu. Gepa alihesabu kila siku, kwa sababu ya mikate.

Alizaliwa katika ardhi ya watawa wa Wendrode, chini ya mlima, na mama yake alikuwa mfua nguo wao. Alipokuwa na miaka saba aliwekwa kwenye nyumba ya tanuri. Alipotimiza ishirini alipewa kazi ya langoni, na kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila asubuhi baada ya sala, mtawa mmoja alifungua Kitabu cha Wafu na kusoma majina ya wote waliofariki tarehe hiyo, awe amekufa mwaka jana au miaka mia mbili iliyopita, maana kwa Mungu hakuna marehemu wa zamani. Ukoo wa marehemu ulileta kikapu cha mikate iliyookwa nyumbani kwao. Maskini kumi na wawili waliketi langoni wakala kwa jina lake, na watawa waliongeza jibini na kikombe cha bia. Gepa alipokea kikapu, akagawa, akamwambia kila mmoja, "Mwombee fulani."

Aliona ni utovu wa adabu kumwombea mtu usiyemjua ni mtoto wa nani. Kwa hiyo alimuuliza mtawa msomaji kila siku, "Leo ni nani? Alikuwa nani wa nani?" Jibu alilipokea na kulikalisha mahali pake, begani au kiwikoni, na halikutoka tena.

"Wewe Gepa," alimtania Bertrad, mwenzake wa tanuri, mwanamke mnene mwenye mdomo usiofungwa, "ukijikuna mkono unawaamsha maaskofu wangapi?"

"Wawili tu. Mgongoni hakuna mtu."

"Basi nikalishe mimi huko mgongoni. Nimezoea kubebwa."

Siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martini ilikuwa siku ya Bibi Glismod. Ni wakati ule ambapo mabata wameshaliwa, nguruwe wanachinjwa, na ukungu unashuka mlimani na kukaa uani kama mgeni asiyejua kuaga. Glismod alikuwa dada wa mfalme mmoja wa kale. Mwanawe Wichard alianzisha ukoo wa Hesburg, ng'ambo ya mlima. Binti yake Gerburg aliolewa Elmrode, upande wa huku. Koo zote mbili zilijivunia damu ya mfalme, na kila moja ilileta kikapu: Elmrode asubuhi, mikate yao ikiwa na alama ya kokwa tatu za mwaloni, Hesburg mchana, mikate yao ikiwa na alama ya pembe za paa. Lakini koo zenyewe zilikuwa zimesahauliana. Wajumbe wao hawakukutana langoni hata siku moja, na watawa walikuwa ndani wakisali. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Aliyeviona vikapu viwili vya marehemu mmoja alikuwa Gepa peke yake.

Katika miaka hiyo aliletwa hapo mtoto wa Elmrode aliyefiwa na mama, akiwa na miaka minne, ili alelewe na watawa. Jina lake Richlind. Watawa walimfundisha zaburi. Uji alilishwa na Gepa. Jioni karibu na tanuri Gepa alimshika mkono wa kushoto na kumwonyesha wazee wake wa Elmrode, kiungo kwa kiungo, na mtoto akacheka alipotekenywa kiwikoni kwa babu fulani mwenye ndevu. Mkono wa kulia hakumfundisha. Mkono huo ulikuwa umeshika kijiko.

Gepa hakuwa na mtoto wa tumbo lake. Mtu akiangalia vizuri, atajua aliyekuwa naye ni nani.

Richlind alipofika miaka kumi na minane, habari za posa ya Bwana Volkwin wa Hesburg zilianza kutembea. Mwaka huo, siku ya Glismod, kikapu cha Hesburg hakikuletwa na mtumishi. Bwana Volkwin alikileta mwenyewe, asubuhi, juu ya farasi wa kijivu, akakuta kikapu cha Elmrode hakijagawiwa. Bertrad alikuwa anapanga vikombe vya bia kando ya ukuta.

"Mikate hii yenye kokwa ni ya nani, mama?" aliuliza.

"Ya Elmrode, bwana wangu."

"Na leo si siku ya bibi yetu Glismod?"

"Ndiyo, bwana wangu. Ni bibi yao pia."

Volkwin alishuka. "Bibi yao kivipi? Hebu nionyeshe."

Hakuna bwana aliyewahi kumuuliza Gepa neno zaidi ya "mikate imetosha?" Moyo ulimpanda. Akagusa kichwa: Glismod na mumewe. Akagusa shingo, Wichard kulia na Gerburg kushoto. Akateremka mabegani, viwikoni, kwenye vifundo, akiwataja mmoja mmoja bila kukwama, hadi vidole vyake viwili vya kati vikagusana kwenye pingili ya tatu, ile iliyo chini ya kucha.

"Hapa ni wewe, bwana wangu. Na hapa ni..."

Hapo ndipo alipokumbuka posa.

"Na hapa?"

"Ni Richlind, bwana wangu."

Volkwin alivitazama vile vidole kwa muda. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuja kumnyima Gepa usingizi miaka iliyofuata. Alitabasamu kama mtu aliyegundua mlango wa nyuma katika nyumba anayotaka kuhamia. Akavua glavu zake za ngozi ya kondoo, akamvisha Gepa mwenyewe, kwa upole, kidole kwa kidole.

"Funika vidole vyako, mama. Baridi ni kali."

Akapanda farasi akaenda zake. Bertrad alizikodolea macho glavu zile. "Mimi nimesimama hapahapa tangu alfajiri," alisema, "au vidole vyangu ni vya kuni?"

Jioni hiyo Richlind alikuja kwenye tanuri, mashavu yamewaka. "Mama Gepa, umemwona? Ameniambia farasi wake atanipa mimi. Usiponiombea kwa huyu, baba atanipeleka kwa yule mzee wa Stolbach aliyezika wake wawili, na meno yenyewe ameyazika pamoja nao." Akacheka huku akilia, akamwekea Gepa kichwa begani, palepale kwa wajukuu wa Glismod.

Kesho yake Mama Mkuu Oda alimwita. Kabla ya harusi ya mabwana ilikuwa desturi kuuliza wanaojua koo.

"Gepa, Hesburg na Elmrode wanakutana mahali?"

Gepa alikuwa amevaa glavu. Alijiambia ni pingili moja tu, na ukucha uko palepale jirani. Je, Mungu mwenye rehema ataona kitu kidogo hivyo?

"Siwaoni wakikutana, Mama Mkuu."

Mama Mkuu hakuuliza mara ya pili. Harusi ilifanyika baada ya Pasaka.

Miaka kumi na miwili ikapita. Kila Pasaka Gepa aliungama uvivu, hasira na wivu. Pingili ile hakuiungama. Kila ukungu wa Martini ulipoteremka alisimama langoni akisubiri kikapu cha pili, na mara kunguru wakatua ukutani, mara mkate ukapasuka katikati mikononi mwake, na yeye akijua ni chachu mbaya tu, lakini akijifanyia ishara ya msalaba. Richlind alimzaa Ekbert, akamzaa Ida. Watu walisema nyumba ya Hesburg ina amani. Gepa aliposikia neno amani aligusa kidole chake.

Mwaka wa kumi na tatu, wiki moja kabla ya Martini, nyumbu alikuja polepole kwenye njia ya matope. Juu yake alikaa Richlind, Ida mbele na Ekbert nyuma, bila mtumishi, bila sanduku.

Hakuingia kanisani wala kwa Mama Mkuu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tanuri.

"Amenirudisha," alisema. "Anasema sisi ni ndugu. Anasema amegundua juzi, na roho yake inamsumbua."

Bertrad akasonya. "Roho! Iliyomsumbua si roho. Hata wauza chumvi wanajua mfalme ana mpwa wa kuozwa."

"Nyamaza, Bertrad," alisema Gepa kwa sauti isiyo yake.

"Acha aseme, ni kweli," Richlind alisema. "Askofu amemtuma Padri Everwin aje kusikiliza shauri hapahapa, siku ya Bibi Glismod. Wakisema ni ndugu, ndoa inavunjwa. Na Volkwin ataapa kwamba mimi nilijua tangu awali, kwa sababu nimelelewa na wewe. Mama Gepa, nikionekana nilijua, hawa ni wana wa haramu. Ekbert hatarithi hata jiwe. Ida hataolewa na mtu wala kupokewa na watawa." Alimshika Gepa mikono yote miwili. "Lakini wewe ulimwambia Mama Mkuu kwamba hatukutani. Kwa hiyo anasema uongo, sivyo? Utaapa. Wewe ukiapa, yameisha."

Gepa aliitazama mikono yake ndani ya mikono ile.

"Kaa kwanza ule, mwanangu," alisema.

Siku mbili kabla ya shauri, ukungu ulikuwa mzito hata langoni hukuiona njia. Gepa alisikia kwato kabla ya kumwona farasi. Alikuwa wa kijivu, si yule wa kwanza, lakini alifanana naye.

"Mama Gepa." Volkwin alikuwa na mvi kidogo sasa, na sauti ileile tamu. "Glavu bado zinafaa?"

"Zimechakaa, bwana wangu."

"Nitakuletea nyingine. Sikiliza. Keshokutwa utahesabu kama ulivyonihesabia. Usipunguze kitu, sema kweli tupu, na Mungu atakupenda. Lakini usitaje siku uliyonihesabia. Sema umegundua mwaka huu. Na ukiulizwa kama mke wangu aliwahi kufundishwa viungo, sema ndiyo, maana ndiyo."

"Alifundishwa vya kwao tu, bwana wangu."

"Nani atauliza vya nani?" Aliinama juu ya shingo ya farasi. "Ukitaja siku ile, Mama Mkuu atajua ulimdanganya usoni. Kuna theluji mlimani tayari, mama. Mwanamke wa miaka yako akifukuzwa langoni majira haya, hafiki hata kwenye kinu."

Alilisema hilo bila ukali, kama anayemkumbusha bibi yake asisahau shuka. Kisha ukungu ukamla, farasi na yeye.

Gepa alisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Halafu alikwenda kwa Mama Mkuu Oda, akapiga magoti mlangoni, akasema yote, tangu mikate hadi glavu. Mama Mkuu alikuwa mzee sana sasa, macho yamefunikwa na utando mweupe.

"Nilijua," alisema. "Si hesabu. Nilijua kwamba hujawahi kusema 'siwaoni' juu ya mtu yeyote. Lakini harusi ile ilituletea msitu wa Hesburg, na nyumba hii ilikuwa inaota moto wa mavi ya ng'ombe. Sikuuliza mara ya pili. Mungu atuhurumie wote wawili, Gepa."

"Nifanye nini, Mama Mkuu?"

"Ndoa hiyo huwezi kuiponya. Iliyo kweli ni kweli. Lakini kanisa linasema hivi: mama wa watoto akiingia kwa moyo safi, bila kujua, watoto wanabaki halali. Volkwin akionekana alijua na Richlind hakujua, Ekbert ni Ekbert wa Hesburg. Ila ili waamini kwamba yeye hakujua, lazima uwaambie nani aliyemficha."

"Mimi."

"Wewe. Na mimi nitalazimika kukuhukumu mbele yao kama vile sina msitu."

Siku ya Glismod vikapu viwili havikubaki langoni. Viliingizwa kanisani vikawekwa kando kwa kando mbele ya altare, kokwa na pembe, na kwa mara ya kwanza watu wa koo mbili waliviona pamoja. Minong'ono ilizunguka. Padri Everwin, mtu mwembamba mwenye mafua, alikaa karibu na sanduku la mifupa ya mtakatifu. Volkwin alisimama kulia. Richlind alisimama kushoto, watoto wamemshika sketi, na alipomwona Gepa akiingia alimtabasamia kwa matumaini. Tabasamu lile Gepa alilibeba kama kaa la moto kiganjani.

"Vua glavu," alisema Everwin. "Kiapo hakipiti kwenye ngozi ya kondoo."

Alivua. Aliweka mkono juu ya sanduku, akaapa, kisha akahesabu. Kichwa. Shingo. Bega. Sauti yake iliwataja wafu kama alivyowataja kwa maskini miaka arobaini. Kiwiko. Kifundo. Pingili ya kwanza, ya pili. Alipogusanisha vidole kwenye pingili ya tatu hakuinua macho, lakini alisikia pumzi ya Richlind ikikatika.

"Ni ndugu," alisema Everwin, akafuta pua. "Ndoa haipo. Sasa, mke huyu alijua? Bwana Volkwin anasema wewe ulimfundisha viungo akiwa mtoto."

"Nilimfundisha, Padri. Mkono wa kushoto. Wa Hesburg wako kulia."

"Kwa nini kushoto tu?"

"Wa kulia ulikuwa umeshika kijiko."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Everwin hakucheka. "Na bwana huyu? Alijua lini?"

Volkwin alimtazama Gepa. Akashusha macho yake polepole hadi kwenye vidole vitupu vya Gepa, kisha akayapandisha tena.

"Alijua kabla ya kuoa," Gepa alisema. "Siku kama ya leo, miaka kumi na mitatu iliyopita. Alileta kikapu chao akakuta cha Elmrode, akaniomba nimhesabie, nikamhesabia. Kesho yake Mama Mkuu aliniuliza, nami nikamwambia siwaoni. Nilimdanganya. Mwanangu huyu hakujua kitu. Mimi ndiye niliyemficha."

"Mwanamke huyu ni mzee," alisema Volkwin bila haraka. "Anachanganya miaka. Nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi!"

Bertrad alikuwa anawasukuma watu kwa kiwiko, unga bado uko usoni. "Mimi nilikuwepo, Padri, napanga vikombe. Alimvisha Gepa glavu hizi kwa mikono yake, na mimi akanipita kama gogo. Ilikuwa Martini ya kabla ya harusi, maana harusini Gepa alizivaa, na mimi miezi yote ile niliona wivu hadi nikaungama! Muulizeni padri aliyeniungamisha. Nani anasahau mwaka aliokula wivu miezi sita?"

Safari hii kanisa lote lilicheka, hata Everwin aligeuka pembeni. Volkwin peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Bertrad kama mtu anayejifunza sura.

Hukumu ilitoka kabla ya adhuhuri. Ndoa ilivunjwa. Ekbert na Ida walitamkwa watoto halali, kwa moyo safi wa mama yao. Gepa alihukumiwa na Mama Mkuu Oda, kwa sauti iliyotetemeka: miaka saba ya toba, mmoja kwa kila kiungo tangu shingoni hadi pingili ya mwisho, miguu mitupu, kazi ya langoni anyang'anywe, na siku za wafu akae chini pamoja na wale maskini kumi na wawili, apokee badala ya kugawa. Hakufukuzwa. Ila mtu aliyeona miguu yake asubuhi ya theluji ya kwanza asingesema alihurumiwa.

Richlind alibaki kwa watawa. Ekbert alichukuliwa Hesburg, kama ilivyo haki ya baba, na Ida akabaki kulala karibu na tanuri. Richlind alipompita Gepa uani hakumtazama. Hakumtukana wala hakuteta. Alipita tu, kama unavyopita ukuta. Ijumaa moja ya Kwaresima Gepa alikuta vitambaa vya sufu vimefungwa vizuri kwenye ndoo yake, vya kupaka mafuta miguu. Hakuuliza ni vya nani. Tangu siku ya kiapo hakuwa amehesabu mtu yeyote. Jina likisomwa aliliombea, akaliacha lipite.

Mwaka ukazunguka. Ukungu ukashuka. Siku ya Glismod Gepa aliketi langoni juu ya mawe, wa kumi na tatu kati ya maskini, na Bertrad ndiye aliyekuwa mgawaji. Kikapu cha kokwa kikaja. Kikapu cha pembe kikaja. Bertrad alikuwa ameinama kuchukua mkate wa kwanza, kwato zikasikika, na ukungu ukamtoa Volkwin. Nyuma yake mtumishi mgeni alikuwa amebeba kikapu cha tatu, kimefunikwa kitambaa chekundu, na mikate yake ilikuwa na alama ya taji.

"Kutoka nyumba ya mchumba wangu," alisema Volkwin. "Mpwa wa mfalme. Harusi ni baada ya Noeli. Kwao pia wanamkumbuka Bibi Glismod."

Gepa aliinamisha kichwa. Hakutaka. Lakini mtu aliyebeba wafu miaka arobaini hawezi kuwashusha kwa kuamua tu. Glismod alikuwa na mtoto wa tatu, mwana mdogo, yule aliyekwenda kuishi kwa mjomba wake mfalme. Mchumba huyu ni wa uzao wake, uzao wa watu walioishi sana, wakazaa uzeeni. Aliona kwamba huyu binti hasimami hata kwenye pingili ya tatu. Yuko karibu zaidi ya Richlind. Na aliona kwamba Volkwin anajua, na kwamba amekuja mapema, kama safari ile, akiwa na mlango wake wa nyuma tayari mkononi, wa kutokea siku atakapochoka, kwa ajili ya binti wa watu ambaye wakati huu labda anashona shela.

Volkwin hakumtazama Gepa. Alikuwa amevua glavu, mpya, zenye manyoya ndani, na amezinyoosha kwa Bertrad.

"Safari ile nilikusahau, mama. Funika vidole vyako. Baridi ni kali."

Bertrad alizipokea. Maskini waliinua vichwa. Alizigeuza, akayapapasa manyoya, maana zilikuwa nzuri, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka hadi damu. Kisha alimtazama mwenzake aliyekaa chini.

"Gepa. Vikapu vitatu leo. Kuna nini?"

"Mikono ninayo miwili tu," alisema Gepa polepole. "Wa tatu sina pa kuwaweka."

Volkwin alivuta hatamu. "Gawa mikate, mama, watu wana njaa."

Bertrad aliziweka glavu juu ya ukuta, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kitu cha wenyewe. Akakunja mkono wa gauni lake hadi begani katika baridi ile, akapiga magoti kwenye matope mbele ya Gepa, akanyoosha mkono wake mnene, mwekundu, wenye makovu ya tanuri.

"Chukua wangu," alisema. "Huku hakujakaa mtu."

Farasi wa kijivu alipiga hatua moja mbele, halafu nyingine, hata pumzi yake ikawafikia. Gepa hakuinua macho. Aliutoa mkono wake chini ya matambara, akauweka kwanza juu ya kichwa cha Bertrad, kwenye unga.

"Glismod na mumewe," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Sasa shingo."